Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Kihistoria: Mwanamke, Utumwa na Uhuru Mombasa

Mtu akikaa kuandika hadithi ya utumwa wa pwani, picha ya kwanza inayomjia ni minyororo, pango na jahazi. Ya mwisho ni manowari ya Mwingereza ikija kukomboa. Katikati kuna msichana anayelia. Hadithi hiyo imeshaandikwa vya kutosha, na inamnyima mhusika kitu kilekile alichonyimwa na waliomnunua, yaani uamuzi wake mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka kumweka mwanamke mtumwa wa Mombasa katikati ya riwaya kama mtu anayepima, anayeficha, anayedai, anayekosea na anayeamua. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiziruka za mwanzo, za mwisho zitakushinda.

Hatua ya 1: Chagua mwaka

"Zamani za utumwa" si wakati. Mombasa ya 1840, punde baada ya Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, kuwang'oa Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, mwaka 1837, si Mombasa ya 1876, wala si ya 1907. Sheria zilibadilika, njia za kutorokea zikabadilika, hata kauli ambayo bibi angeweza kumtishia nayo mjakazi wake ilibadilika.

Bandika tarehe hizi ukutani mbele ya meza yako. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Umiliki wenyewe haukuguswa: aliyekuwa mtumwa Mombasa Jumatatu aliamka mtumwa Jumanne. Wafanyabiashara wakageukia nchi kavu, wakiwatembeza mateka kufuata pwani, mpaka misafara hiyo nayo ilipokatazwa mwaka 1876. Katikati ya miaka hiyo, mnamo 1875, Wamisheni wa Kianglikana walikuwa wameanzisha makazi ya Freretown upande wa bara, ng'ambo ya Mji wa Kale, kwa ajili ya watu walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari. Mwaka 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao, na papo hapo vita vya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui vikatikisa pwani nzima mpaka 1896.

Hapa waandishi wengi huteleza. Sheria ya 1897 iliyofuta utumwa ilikuwa ya Unguja na Pemba, si ya Mombasa. Pwani ya Kenya ilisubiri miaka kumi zaidi, hadi 1907. Mhusika wako akisimama Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, mwaka 1898 na kusema "sheria imenifanya huru", umeshaiharibu riwaya kwa kila msomaji anayeijua historia hii.

Kama ni riwaya yako ya kwanza, nakushauri mwaka 1888. Watoro walikuwa wamejaa Rabai na vituo vingine vya misheni, wakijengewa na kufichwa. Wenye watumwa wa Mombasa walikuwa na hasira na walitaka mali yao irudi. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ndiyo kwanza imetia mguu na haitaki vita. Suluhisho likawa pesa: Kampuni iliwalipa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikaanza kugawiwa Rabai. Watu zaidi ya 1,400 waliachwa huru kwa mpango huo. Angalia mvutano uliomo ndani ya siku hiyo moja. Mwanamke aliyetoroka kwa miguu yake, akalima, akazaa, akaishi miaka kadhaa kama mtu huru, sasa anaitwa mbele ya meza apewe karatasi, na fidia anapewa yule aliyemkimbia. Je, anaipokea kwa mkono wa shukrani, au anaipokea akiwa amekunja uso? Swali hilo peke yake lina riwaya ndani yake.

Hatua ya 2: Amua yeye ni mtumwa wa namna gani

Neno "mtumwa" ni pana mno kwa kazi yako. Aliyeletwa karibuni kutoka Nyasa au Uyao, asiyejua Kiswahili wala dini ya mji, aliitwa mjinga, na waliomdharau zaidi mara nyingine walikuwa wazalia, watumwa waliozaliwa pwani. Mjakazi wa nyumbani aliishi na kulala karibu na bibi yake. Mwanamke wa shamba alilima mtama au kuangalia nazi bara na huenda bwana alimwona mara chache. Kibarua alitumwa mjini kufanya kazi ya ujira, kisha sehemu ya ujira huo ikaenda kwa mwenyewe. Kila mmoja ana nafasi yake ya kupumua na hatari yake.

Suria ndiye anayetaka uangalifu kuliko wote. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, alikuwa huru bwana akifa, na mwanawe alizaliwa huru, mrithi sawa na watoto wa mke. Basi fikiri mwanamke huyu anapoambiwa na mwenzake, "Twende Rabai." Akienda, anapata mwili wake na kumwacha mtoto mwungwana. Akibaki, mtoto anakua na jina na urithi, naye anaendelea kuitwa chumbani usiku. Hata huko Unguja, sheria ya 1897 iliwaacha masuria nje. Walifikiwa mwaka 1909. Usimfanye suria wako msaliti kwa kubaki, wala shujaa kwa kuondoka. Mwache apime mbele ya msomaji.

Kuna pia msichana wa rehani, ambaye naona amesahauliwa. Njaa ilipowabana Wamijikenda, kama ilivyotokea katikati ya miaka ya 1880, familia nyingine ziliweka mtoto rehani kwa tajiri wa pwani ili zipate nafaka, kwa ahadi ya kumkomboa mvua ikinyesha. Wengine hawakukombolewa. Hapo hakuna mvamizi wala bunduki. Kuna baba, debe tupu na binti, na hesabu ambayo binti ataibeba moyoni miaka yote: alipimwa kwa pishi ngapi za mtama.

Hatua ya 3: Tembea njia zake

Nenda kwa miguu. Anza Ngome ya Yesu, ingia Ndia Kuu, pinda vichochoro vya Kibokoni mpaka ufike penye maji. Tazama ng'ambo: bara ile ndiko Freretown ilikokuwa, na mnara wa kengele bado umesimama pale Kengeleni, njia ya Nyali. Kengele hiyo ilipigwa kuwaonya watu wa makazi kwamba wavamizi wanakuja. Simama Mji wa Kale ukipime kipande kile cha maji kwa macho. Mwanamke aliyekuwa akifua au kuteka maji upande huu aliiona bara ya watu walioachwa huru kila siku ya Mungu. Ukaribu huo ndio unaouma.

Kisha nenda Rabai, kiasi cha kilomita 20 kaskazini-magharibi, ambako Krapf na Rebmann walifungua kituo mwaka 1846. Wasafiri wa zamani walipanda kwa mashua kufuata mkono wa bahari, halafu wakamalizia kwa miguu kupanda vilima. Mtoro asiye na mashua alikuwa na Makupa, kivuko cha kuingia bara ya magharibi, ambako watu waliweza kuvuka maji yakipwa.

Hapo ndipo bahari inapokusaidia kupanga matukio. Mwezi ukiandama, yaani usiku wa giza kabisa, ni wakati wa bamvua, maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na maji ya bamvua kwetu hupwa sana kiasi cha saa nne usiku na saa nne asubuhi. Giza na maji yaliyopwa hukutana usiku uleule. Mwanamke aliyekulia kisiwani angeijua hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu. Angehesabu siku za mwezi huku akitwanga. Mpe akili hiyo. Usimtume kuvuka chini ya mbalamwezi ya nusu mwezi kwa sababu ya uzuri wa maneno, maji yakiwa mafu na kina kisichopungua.

Hatua ya 4: Tafuta kumbukumbu, na uzisome kwa shaka

Nyaraka za Serikali zimo Hifadhi ya Taifa ya Kenya. Za usultani ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar. Barua za Wamisheni wa Freretown na Rabai zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza. Maktaba iliyo Ngome ya Yesu ni mahali pazuri pa kuanzia bila gharama kubwa. Soma pia masimulizi ya maisha ya wanawake wa Mombasa yaliyokusanywa miaka ya 1970, kwa kuwa humo bibi mwungwana na mjukuu wa mtumwa wanasimulia mji mmoja kwa macho mawili.

Katika kila hati uliza: nani ameandika, na alitaka nini? Mmisheni aliyemwandikia mfadhili wake Ulaya alihitaji mateso na shukrani. Mwenye mtumwa aliyefika kwa Liwali alihitaji mtumwa huyo aonekane mwizi. Mwanamke mwenyewe huonekana kwa mstari mmoja, mara nyingi bila jina: "mwanamke mmoja na mtoto wake". Ukikutana na mstari wa namna hiyo, unakili palepale. Huo ndio mlango wako.

Kwa wazee, nenda kwa adabu na polepole. Usimwulize mtu yeyote Mombasa kama ukoo wake ulikuwa wa watumwa. Swali hilo ni tusi, na lina uzito mpaka leo katika ndoa, katika mirathi, katika nani anaketi wapi. Ingia kwa shikamoo, kaa, kunywa kahawa, uliza mambo ya kazi: Bi, zamani mikate ya mofa ilipikwa na nani? Nani alikuwa akiimba harusini? Hicho chumba cha uani alilala nani? Jibu la swali la mwisho huja baada ya kimya. Kiheshimu kimya hicho, na akikataa kuendelea, funga daftari.

Hatua ya 5: Ijue mikono na mwili wake

Njia ya kumjua ni kazi. Alitwanga, alichota maji kisimani, alisuka ukili kwa miyaa ya mikeka, alipika mofa, alinyonyesha watoto wasio wake. Andika siku yake nzima kuanzia alfajiri kabla hujaandika hata sura moja, uone ni saa ipi anabaki peke yake. Siri zote za riwaya yako zitatokea katika saa hiyo.

Mavazi yalitangaza hadhi. Mjakazi alivaa kaniki au merikani, kichwa wazi, miguu mitupu. Mwungwana alifunikwa. Itazame shiraa: bibi anataka kwenda kumwona mgonjwa, basi wajakazi wanainua kitambaa kikubwa kumzunguka, naye anatembea ndani yake asionekane. Wanaoishika wako nje, uso kwa uso na kichochoro kizima. Mikono imeinuliwa tangu mlangoni hadi mlango wa pili, jasho likitiririka hadi kiwikoni, na hawezi kujikuna wala kumfukuza nzi. Ndani ya kitambaa bibi anazungumza, na mjakazi anasikia kila neno. Sikuona mandhari nyingine ya Mombasa inayobeba mengi kuliko hiyo: stara ya mmoja imejengwa kwa mwili usiositiriwa wa mwingine. Ndiyo maana wanawake waliotoka utumwani walipoanza kuvaa buibui karne ya 20, haikuwa mtindo tu.

Hatua ya 6: Muandike bibi kwa haki

Wanawake nao walimiliki watumwa. Walirithi, walinunua, walikodisha. Wamiliki hawakuwa Waarabu peke yao. Waswahili walimiliki, na watu wa bara walishiriki biashara hiyo kwa namna zao. Riwaya inayomgawa kila Mwarabu upande wa shetani na kila mmisheni upande wa malaika itakufa mapema, na itawadhulumu wasomaji wanaobeba damu ya pande zote.

Uadui wa wanawake wawili ndani ya nyumba moja hauhitaji kiboko kila ukurasa. Mwandishi mwenye pupa angeandika: "Moyo wa Zafarani ulilia uhuru kama ndege tunduni." Msomaji haoni kitu. Linganisha na hivi:

*Zafarani aliipanga mikate kwenye uteo, kumi na miwili. Bibi aliuinua mmoja, akaupima kiganjani.*

*"Ya leo midogo."*

*"Unga haukufura, bibi."*

*"Hata jana haukufura."*

*"Ni mtama mpya, bibi."*

*Bibi aliurudisha mkate. Hakusema zaidi. Ile miwili mingine ilikuwa tayari kwa jirani, chini ya kawa, na pesa yake ingesukwa ndani ya ukili kabla ya magharibi.*

Hakuna aliyelia. Lakini umeshajua anaiba nini, kwa nani, kwa ajili ya nini, na kwamba bibi ameanza kushuku. Tia kiunzi hiki katika kila sura: kitu anachokitaka leo, mtu anayekizuia, na hila anayoitumia.

Hatua ya 7: Majina na usemi

Mtumwa alipewa jina na mnunuzi: Mabruki, Baraka, Faida, Bahati, Zafarani. Nyuma yake kulikuwa na jina la kwao, na mbele, akifika Freretown na kubatizwa, lilimngoja jina la tatu, mara nyingi la Kizungu. Amua nani anamwita lipi na lini. Kuna nguvu kubwa msomaji akilisikia jina la kwao kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa mia mbili, tena likitamkwa na mtu asiyetarajiwa.

Katika mazungumzo, mjakazi hamtaji bibi yake kwa jina. Ni "bibi", na bintiye ni "mwana", hata kama mwana huyo ana miaka sita na mjakazi ana arubaini. Onja Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kiasi: "ndoo" kwa "njoo", "ndia" kwa "njia", "mato" kwa "macho". Ukitaka kulizoea sikio lako, soma mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki karibu mwaka 1840. Mjinga wa juzi asiongee kama Muyaka, lakini. Mpe Kiswahili kinachokua sura kwa sura, na usikichekeshe.

Hatua ya 8: Ukatili

Andika kidogo. Kabla ya kuandika tendo la kubakwa au kuchapwa, jiulize kama msomaji anahitaji kuliona au anahitaji kuona asubuhi yake. Mara nyingi ni asubuhi: nani anamletea maji ya kuoga, nani anajifanya hajui, kazi gani inamngoja. Kamwe usiueleze mwili wake kwa macho ya anayemtamani.

Hatua ya 9: Usiumalize uhuru kwa ukurasa mmoja

Uhuru una bei na una siku ya pili. Freretown ilikuwa na kanuni kali, ndoa zilizopangwa upesi, na mapema miaka ya 1880 msimamizi wake alilaumiwa kwa kuwapiga viboko watu walewale waliokuja kukombolewa. Waafrika waliosomeshwa Nasik, karibu na Bombay huko India, kina William Jones, waliwalinda watoro wa Rabai na pia walikwaruzana na wakubwa wao Wazungu. Nyuma ya pwani kulikuwa na vijiji vya watoro wenyewe, kama Fuladoyo na Makongeni, ambako hakuna bwana wala pesa, na hofu ya uvamizi haikuisha.

Aliyeachwa huru na bwana wake kwa ajili ya Mungu naye hakukatika moja kwa moja. Akifa bila warithi, bwana wa zamani alikuwa na haki ya kurithi alichoacha. Kibanda alichojenga kwa pesa za mofa kingeweza kurudi kwenye nyumba ileile aliyoitumikia. Fikiria anavyohangaika kupata mume au mtoto, si kwa mapenzi peke yake, bali kibanda kisirudi huko.

Na mwaka 1907, wenye watumwa walipewa nafasi ya kudai fidia. Waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi. Wanawake wakajenga vyao mjini: wakapanga vyumba, wakauza vyakula, wakashindana kwa ngoma za lelemama, wakawa makungwi wa kuwafunda mabinti, kazi ambayo iliwapa wanawake wenye asili ya utumwa heshima na kauli hata mbele ya waungwana. Ukiiweka theluthi ya mwisho ya riwaya yako hapo, utakuwa umeandika uhuru wenyewe badala ya kuutangaza.

Kama unataka mapambano ya wazi, sogea hadi 1913 na 1914, wakati Mekatilili wa Menza alipowaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza. Simulizi za kwao husema kaka yake alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa sokoni. Binti wa aliyekuwa mtumwa Mombasa anayesikia habari za mwanamke huyo ana mengi ya kuamua.

Hatua ya 10: Pitia, kisha uwape wengine

Isome rasimu mara moja ukisaka makosa ya wakati tu. Hakuna reli ya Uganda kabla ya ujenzi wake kuanza mwaka 1896. Hakuna buibui katika miaka ya 1870. Malipo ni kwa reale, rupia na pesa. Nafaka ni kwa kibaba na pishi. Majahazi ya Arabuni huja na kaskazi na kurudi na kusi; jahazi linaloingia kutoka Maskati mwezi wa saba linapingana na upepo.

Mara ya pili, isome kwa sauti, mazungumzo pekee. Pale ulimi unapokwama, mhusika anaongea lugha yako, si yake.

Halafu tafuta wasomaji watatu kabla ya mchapishaji: mwanamke mtu mzima wa Mji wa Kale, mtu wa Rabai au Kisauni ambaye ukoo wake ulipitia misheni, na mwanafunzi wa historia atakayekagua miaka. Badilisha majina yote ya koo ulizosimuliwa, hata kama umeruhusiwa kwa mdomo, kwa kuwa aliyekuruhusu hawasemei binamu zake. Waulize wote watatu swali moja: ni wapi mwanamke huyu ameacha kuamua mwenyewe na mimi nikamwamulia? Kurasa watakazokuonyesha, ziandike upya.